Tasnifu za Rufiji zirudi Mkongo kabla wazee hawajaisha

Mto Rufiji ulipofurika Aprili 2024, maji yaliingia Muhoro mpaka ndani ya nyumba, watu wakatolewa kwa mitumbwi na boti, na serikali ikawahimiza wahamie miinukoni. Taarifa za habari zilihesabu kaya, ekari za mpunga na vyumba vya madarasa, na ndivyo ilivyopasa. Lakini Muhoro ndiko Wajerumani walikomnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya vita vya Majimaji kulipuka kwenye vilima vya Umatumbi. Watu wa Muhoro wakihama, ni nani atakayekuja kumshika mtoto mkono amwonyeshe mahali hapo?

Tunaliuliza swali hili leo kwa sababu muda unakwisha. Waliosikia habari za Majimaji kutoka vinywani mwa wapiganaji wenyewe wamebaki wachache mno katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Kizazi kilichofuata, kile kilichohamishwa bondeni na kupelekwa vijiji vya ujamaa, nacho kinazikwa mwaka hadi mwaka. Vyuo vyetu vikuu vinatoa shahada za uzamili na uzamivu katika historia, akiolojia na urithi, na wanafunzi wake wamekuwa wakija huku tangu miaka ya sitini. Wanachukua. Hawarudishi.

Hebu tukumbuke kazi hii ilivyoanza. Katika miaka ya sitini Gilbert Gwassa, mwanahistoria kijana wa Chuo cha Dar es Salaam, alizunguka Umatumbi na Ngarambe akiwasikiliza wazee. Walimsimulia jinsi Kinjikitile alivyozama bwawani mwaka 1904, ndugu zake wakakesha ukingoni, na kesho yake akatoka majini nguo zikiwa kavu. Walimweleza pia jinsi watu walivyomiminika Ngarambe kufuata maji yake ya dawa, na jinsi habari ilivyosambazwa kwa kunong'onezana kabla askari wa Kijerumani hawajashtuka. Mwaka 1968 Idara ya Historia ikatuma wanafunzi katika wilaya nyingi zilizopigana, nao wakaandika maelezo ya wazee mmoja mmoja. Gwassa alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1973. Leo hakuna anayeandika juu ya Majimaji, awe Berlin au Nairobi, bila kupita mlangoni kwake. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa, na tunaitaja kwa fahari.

Lakini karibu yote iliandikwa kwa Kiingereza. Mjukuu wa mzee aliyezungumza na Gwassa, akitaka kujua babu yake alisema nini, inambidi apande basi hadi Dar es Salaam, aombe ruhusa ya maktaba, kisha asome maneno ya babu yake kwa lugha ambayo babu hakuitamka. Kiswahili kilipata tamthilia ya Ebrahim Hussein mwaka 1969, na taifa zima likamjua Kinjeketile wa jukwaani. Ushuhuda wenyewe ulibaki rafuni.

Mwaka huohuo wa 1969, wakati maelezo ya wazee yakipigwa chapa Dar es Salaam, ilikuja Operesheni Rufiji. Kisingizio, au tuseme sababu, kilikuwa mafuriko ya 1968. Watu waliokuwa wameishi ndani ya bonde, mashamba yakiwa mlangoni, walihamishiwa vijiji vya miinukoni, na Mkongo ni kimoja cha vijiji hivyo. Leo Mkongo ni kata ya kivuko cha kuelekea Utete na ya barabara ya Mloka iendayo hifadhini na kwenye bwawa la Julius Nyerere. Mgeni anapita na gari lake haoni kitu. Mzee wa hapo anaona kingine kabisa: ng'ambo ya mashamba ya mpunga anakujua alikozaliwa, mwembe wa nani ulikuwa wapi, makaburi ya wazazi yako upande gani wa mto, na jirani gani alikataa kuhama akarudi kulala kwenye dungu lake shambani. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati ule sasa amepita 75. Ramani hiyo imo kichwani mwake tu.

Pamoja na ramani kuna elimu ya mlau, kilimo cha kupanda maji yanapojitoa bondeni na kuacha tope lenye rutuba. Vizazi na vizazi vimeishi kwa kusoma mto: maji ya mwaka huu ni ya neema au ya kuangamiza, mbegu gani itawahi kabla hayajapanda tena. Tangu Desemba 2022 bwawa la megawati 2,115 limekuwa likikusanya maji juu ya bonde hilo. Hatulipingi bwawa, nchi inahitaji umeme. Tunachosema ni kwamba mto uliofundisha elimu ile umebadilika, na wanaoukumbuka mto wa zamani lazima wasikilizwe wakiwa hai.

Tazameni basi utafiti unavyofanyika. Mwanafunzi wa uzamili anapata kibali, anakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, anapewa barua ya mtendaji wa kata, naye anamwandikia mtendaji wa kijiji, mpaka mwenyekiti wa kitongoji anampeleka kwa mzee. Kila ngazi inapiga muhuri. Mzee anatandikiwa mkeka, anawekewa simu mbele yake, anaongea mpaka adhuhuri. Mwanafunzi anashukuru, anaondoka. Katika mlolongo wote huo wa mihuri hakuna hata mmoja unaomdai arudi. Tasnifu inafungwa jalada gumu, inatetewa mbele ya jopo, inahifadhiwa chuoni. Sauti ya mzee inabaki ndani ya simu ambayo mwakani itauzwa au itaibwa.

Ubaya ni kwamba Rufiji tunajua kuhesabu tukitaka. Tangu 1998 mradi ambao sasa uko chini ya Taasisi ya Afya Ifakara umekuwa ukifuatilia kaya kwa kaya katika sehemu ya Rufiji na Kibiti: nani kazaliwa, nani kafariki na kwa maradhi gani. Takwimu hizo zimeokoa maisha ya watoto. Kwa hiyo mzee akifa, maradhi yaliyomuua yataandikwa. Aliyoyajua hayataandikwa popote.

Wala tusijifariji kwamba sheria inatulinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya 1863. Shanga za Kirumi alizozifukua Profesa Felix Chami katika eneo la delta, zilizoiunganisha pwani yetu na biashara ya dunia ya kale, zimo. Bwawa la Ngarambe na mahali pa kunyongea watu Muhoro ni vya karne ya ishirini. Havipati ulinzi huo mpaka mamlaka ivitangaze, na mamlaka haiwezi kutangaza mahali ambapo hakuna aliyepapima wala kuandika ushahidi wake. Kazi hiyo ndiyo hasa anayosomea mwanafunzi wa urithi.

Songea wamefanya. Majina ya mashujaa walionyongwa mwaka 1906 yameandikwa, kuna makumbusho, kila Februari 27 wanakumbukwa. Ndiyo maana Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipokwenda huko kuomba msamaha, Novemba 1, 2023, alikuwa na mahali pa kusimama na majina ya kusoma. Vita vilivyoua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000 vilitokana na maji ya Ngarambe, lakini kiongozi huyo angeletwa Rufiji tungemwonyesha nini?

Kuna jambo jingine linalozungumzwa kwa sauti ya chini, nasi tutalisema wazi. Baada ya mauaji yaliyoikumba Kibiti hadi 2017, watu wengi wa huku walijifunza kumwogopa mgeni mwenye daftari na maswali. Nani anauliza, anatumwa na nani, majibu yanakwenda wapi? Hofu hiyo ina haki yake. Mtafiti ambaye kijiji kimemwona akirudi na kitabu mkononi atafunguliwa milango ambayo barua ya mkurugenzi haiwezi kuifungua.

Tutaambiwa hakuna fedha, na kwamba kanuni za chuo zinataka Kiingereza. Kanuni zibaki. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, katika chuo hichohicho cha Dar es Salaam, inatunuku shahada za uzamivu kwa tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili, basi muhtasari wa Kiswahili wa kurasa 30, wa kurudishwa kijijini, hauwezi kuwa mzigo kwa mwanafunzi wa historia. Nakala za sauti zinaingia katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayotoa vibali vya utafiti, inaweza kuweka sharti la kuvirudisha kijijini kwa mstari mmoja. Halmashauri za Rufiji na Kibiti zitenge kabati lenye kufuli la kuvihifadhi katika shule ya sekondari ya kila kata, sehemu isiyofikiwa na maji. Na maelezo ya Gwassa na ya wanafunzi wa 1968 yarudishwe Kiswahili, kazi ambayo wanafunzi watatu wa uzamili wangeweza kuigawana na kuifanya tasnifu zao.

Kwa wakuu wa idara za historia na urithi tuna dai moja. Mwanafunzi atakayepewa barua ya kwenda Mkongo, Muhoro au Ngarambe mwaka huu asipitishwe kuhitimu mpaka mtendaji wa kijiji atie saini kwamba nakala ya Kiswahili imefika na mzee aliyehojiwa, au mwanawe, amesomewa.