Mizani ikigoma, usiache mazoezi

Kiangazi kinapofika Likasi, mvua zikikatika na njia zikikauka, utawaona watu wengi zaidi wakitembea na kukimbia alfajiri, kuanzia Kikula hadi Panda. Wengi huanza kwa sababu moja kati ya mbili: muuguzi amewaambia presha imepanda, au suruali haifungi tena. Wiki za kwanza kilo hupungua. Kisha mizani inagoma. Wiki ya tisa, ya kumi, ya kumi na mbili, namba ni ileile. Hapo wengi huacha wakisema mazoezi hayana faida. Kwa maoni yangu, wanaacha wakati mbaya kabisa, na wanaacha kwa sababu wameipa mizani kazi isiyo yake.

Mizani kugoma si ugonjwa wala uvivu. Mtu aliyeshuka kutoka kilo 95 hadi 87 anabeba mzigo mdogo kuliko zamani, kwa hiyo mwili wake unatumia nguvu kidogo zaidi katika mwendo uleule. Njaa nayo huongezeka, na sahani ya bukari inakua bila mwenyewe kutambua. Mchana, aliyechoka hukaa zaidi. Mwishowe kinachoingia na kinachotoka vinalingana, na kilo hazisogei tena.

Ushahidi mmoja uko katika ukanda wetu huu. Miongoni mwa Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wapo ambao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walichapisha matokeo ya kupima nguvu ambazo miili yao hutumia kwa siku. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kila siku, wanawake karibu 6. Mtu angetarajia wawe wanatumia nguvu nyingi kuliko karani wa mjini anayeshinda kwenye kiti. Lakini ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, tofauti na watu wa Marekani na Ulaya ilikuwa ndogo sana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi yake mahali pengine.

Kwa hiyo anayesema kwamba unene unategemea chakula kuliko mazoezi hajakosea. Mtu akitembea haraka nusu saa kisha akanywa chupa kubwa ya Simba, amerudisha alichochoma na zaidi. Anayetaka kilo ziendelee kushuka hana budi kuangalia sahani na glasi: apunguze bukari, aongeze sombe na lengalenga bila kuzizamisha katika mafuta, na aache soda za kila siku.

Kosa linakuja pale mtu anapotoka katika ukweli huo na kusema, basi mazoezi ya nini? Wahadza haohao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walionekana kuwa na dalili chache sana za hatari ya ugonjwa wa moyo, hata wenye umri mkubwa. Chakula chao kinachangia, hilo halina ubishi. Lakini tunaye shahidi mwingine. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alionyesha kwamba madereva wa mabasi ya London, waliokaa siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kuliko makondakta wa mabasi hayohayo, waliopanda na kushuka ngazi kukusanya nauli. Kampuni ilikuwa moja na mji ulikuwa mmoja.

Ndani ya mwili mambo yanaendelea hata namba ikisimama. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na hali hiyo huendelea kwa saa nyingi baada ya mazoezi, pengine siku moja au mbili. Presha hushuka kidogo. Mafuta yaliyozunguka ini na matumbo yanaweza kupungua bila kilo kubadilika. Ndiyo maana mkanda wa suruali hulegea huku mizani ikisema uko palepale. Lakini faida hizi haziwekwi akiba. Ukiacha wiki chache, zinaanza kuondoka.

Kwetu Likasi jambo hili lina uzito wake. Wazazi wetu hawakuhitaji kuambiwa wafanye mazoezi. Walikwenda viwandani Shituru kwa miguu au kwa baiskeli, na kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines waliondoka kazini katika ule mpango ulioitwa wa hiari. Wengi wao leo ni wazee. Waliozoea kutibiwa katika hospitali za kampuni sasa hununua dawa za presha kwa fedha zao, na watoto wao hupanda pikipiki hata kwenda sokoni. Katika familia ya namna hiyo, kutembea kila siku ni kinga isiyohitaji duka la dawa. Haichukui nafasi ya vidonge alivyoandika daktari, lakini inavisaidia.

Tuna kikwazo kingine ambacho hakipimwi kwa mizani: midomo ya watu. Mama akipungua kilo chache, majirani huanza kunong'ona kwamba ni mgonjwa, au kwamba mumewe hamtunzi. Akibaki na kilo zake, humcheka kwamba anakimbia bure. Tumwache atembee. Mwenye kuhitaji wasiwasi ni yule anayekonda bila kubadili chochote, hasa akiwa na kikohozi kisichoisha. Huyo aende kituo cha afya, sawa na yule anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu akitembea.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na siku mbili za kazi ya kutia misuli nguvu. Nusu saa kwa siku tano inatosha kuanzia. Mizani ikigoma, badili unachopima: mzunguko wa kiuno kila mwezi, presha kwenye kituo cha afya, sukari kama unaweza, na jinsi unavyohema ukipanda kilima kilekile. Hao ndio mashahidi wa kuwasikiliza.

Viongozi wetu nao wana sehemu yao. Huwezi kumwambia mtu atembee kisha umwache ashindanie ukingo wa barabara na malori ya madini yanayotoka Kolwezi kwenda Lubumbashi, katikati ya vumbi. Mji utenge njia za waenda kwa miguu kando ya barabara hiyo, na viwanja vya mpira vya mitaa visigeuzwe kuwa vya nyumba. Hadi hapo, chagueni njia za ndani ya mitaa, alfajiri kabla malori hayajaanza, na msiache kwa sababu ya namba moja.