Mkono Pajini Hudanganya



Wengi husema joto ni shauri la watu wa pwani na Turkana. Sisi wa Kakamega, wenye mvua na miti, halituhusu. Mimi sikubali. Mtu alimaye kwa jembe au akataye miwa hujitia joto mwenyewe, maana sehemu kubwa ya nguvu zake hugeuka joto mwilini. Na penye unyevu jasho halikauki upesi, lisipokauka, halipozi.

Tutajuaje basi kwamba joto limezidi ndani? Desturi yetu ni kumshika mtu pajini. Lakini ngozi yenye jasho huweza kuwa baridi hali ndani kunawaka. Hata kipimajoto cha kwapani au sikioni mara nyingi huonyesha pungufu kwa mtu atokaye kazini. Cha hakika ni kile cha daktari kiingiacho njia ya haja kubwa, nacho si cha shambani. Katika mashindano ya riadha ya Doha mwaka 2019, wanariadha kadha walimeza kidonge chenye kipimajoto. Mbio ndefu ya wanawake ilianza usiku wa manane, wakimbiaji 68, na 28 hawakumaliza. Ikiwa mabingwa hushindwa na joto, sembuse kibarua?

Kidonge hicho hatuna, lakini mshipa wa mkono tunao. Joto la ndani likipanda, moyo huenda mbio kupeleka damu kwenye ngozi. Mara mtu aketipo kupumzika, hesabu mapigo kwa nusu dakika, uzidishe kwa mbili. Yakipita 110, punguza zamu ifuatayo kwa theluthi: saa moja iwe dakika 40, na mapumziko yabaki yale yale. Kweli, mapigo hayaonyeshi digrii, na homa au hofu pia huyaongeza; lakini huonya mapema.

Watu watasema ni kupoteza wakati. Lakini kibarua alipwaye kwa kipande hatapumzika asipoamriwa. Kwa hiyo mwenye shamba ndiye ashike saa, wala si kibarua.

Na mtu akianza kubabaika au kuyumba, usihesabu kitu. Mweke kivulini, mmwagie maji baridi mwili mzima, mpepee, huku mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Mahindi ya leo yatavunwa kesho. Mtu hapandwi tena.