Simu Peke Yake Haimtoshi Mzee

Hapana chombo kilichopata kuingia katika maisha ya watu wa Afrika ya Mashariki kwa kasi na kwa nguvu kama simu ya mkononi. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka uliofuata, na tangu siku hizo karo za shule, umeme, nauli, michango ya arusi na ya matanga, malipo ya mkulima na posho ya kibarua, vyote vimehamia humo kimoja baada ya kingine, hata mtu wa leo akitoka nyumbani bila simu hujiona kama ametoka bila nguo. Hii ni neema, na mwenye insafu hawezi kuikana. Walakini neema haipimwi kwa wingi wa waliofikiwa tu, bali hupimwa pia kwa hali ya waliobaki nje. Na waliobaki nje ya neema hii, aghalabu, ni watu wa namna mbili ambao mara nyingi hukutana katika mwili mmoja, yaani wazee na watu wenye ulemavu. Ninaloliandikia hapa ni jambo moja: kwamba serikali zetu, madhali zimeamua kuzipitisha haki za watu hawa katika simu, zina wajibu wa kumweka karibu nao mtu wa kuwasaidia, aliyefundishwa, anayelipwa, na anayeweza kuulizwa akikosea.

Nasema haki, sisemi hisani. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kutoa Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kila mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe alikuwa karani wa serikali au mchukuzi wa bandarini, mvuvi au mchumaji wa karafuu, pasipo kuulizwa alikuwa na kazi gani wala ana watoto wangapi. Na fedha hizo zikatoka katika hazina ya Zanzibar yenyewe, si katika mfuko wa mfadhili. Kiwango hicho baadaye kikapandishwa. Kenya nayo mwaka 2018 ikaufungua mpango wa Inua Jamii kwa wazee wote waliofika miaka 70, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Fedha hizi si nyingi, walakini mwanamke wa Makunduchi aliyekaa miaka mingi baharini kiunoni maji, akifunga mwani kwenye kamba, na asiyepata kuandikwa katika daftari la mwajiri yeyote, hizo ndizo fedha za kwanza maishani mwake kumjia kwa jina lake mwenyewe. Serikali zilizoitambua stahiki hiyo zimefanya jema, na jema hilo ndilo linalotulazimu kuitazama vizuri njia ya kuifikia, kwa kuwa kila mwaka njia hiyo inazidi kupitia katika laini iliyosajiliwa, kitambulisho, na alama za vidole.

Tuanze na vidole. Tanzania iliagiza laini zote za simu zisajiliwe upya kwa kitambulisho cha taifa na kwa alama za vidole, muda ukawekwa hadi tarehe 31 Desemba 2019, kisha ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Sababu yake ilikuwa njema, kuwabana matapeli. Lakini vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka hamsini, au aliyesuka makuti, au aliyepasua kokoto, au aliyefua nguo za watu tangu usichana wake, mistari yake huwa imefifia, na mashine huikataa. Na wako ndugu zetu ambao ukoma au ajali iliwaondolea vidole vyenyewe. Mtu wa namna hiyo huweka kidole gumba mara ya kwanza, akaambiwa apanguse. Akapangusa kwa kanga, akaweka tena. Akaambiwa ajaribu cha shahada, kisha cha mkono wa pili. Mwisho akaambiwa arudi siku nyingine. Uso wake unajulikana na mtaa mzima, jina lake limo kitambulishoni, majirani wamesimama naye, na bado chombo kidogo kilicho juu ya meza ndicho kinachoaminiwa kuliko wote, kinaposema kwamba yeye siye.

Akivuka hapo, atakutana na orodha ya huduma. Atakayesimama nusu saa karibu na kibanda cha wakala wa fedha siku ya malipo ataona ninayoyasema. Simu ya mzee ni ile ndogo ya vibonyezo yenye tochi, ambayo Wakenya huiita mulika mwizi. Ili kutoa fedha yampasa abonyeze nyota na tarakimu na reli, isome orodha iliyotokea kwa maandishi madogo, achague namba, angoje orodha nyingine, achague tena, aandike namba ya wakala, kiasi, kisha nambari ya siri. Na orodha hizo hazimngoji mtu, kwani akikawia kidogo hufutika zote akaanza mwanzo. Mwenye mtoto wa jicho, au mwenye mkono unaotetemeka, hawezi kushindana nazo. Basi hufanya nini? Humnyooshea wakala simu juu ya meza na kumtajia nambari yake ya siri, tena kwa sauti, kwa kuwa barabara ina kelele na masikio yake mwenyewe hayasikii vyema. Na foleni nzima iliyo nyuma yake inaisikia. Wakala hubonyeza, huhesabu noti, humrudishia simu. Ujumbe wa salio huingia, nao hausomwi na mtu.

Mawakala wengi ni waaminifu, nami sisemi habari hii ili kuwatia doa. Nasema kwamba uaminifu wa wakala ndiyo dhamana pekee aliyobakia nayo mzee yule, na haki ya mtu haifai kutundikwa mahali hapo. Tumemwambia kijana asimtajie mtu yeyote nambari yake, tumeliandika katika mabango na kulisema katika redio, ilhali njia tuliyomjengea babu yake haipitiki ila kwa kuitaja. Na waovu wanalijua jambo hili. Nani asiyepata ujumbe ule wa kumtaka aitume pesa kwenye namba nyingine, au simu ya mtu anayejidai ni wa huduma kwa wateja? Kijana huufuta akaendelea na safari yake. Mzee, aliyelelewa kumjibu kwa staha kila anayemsalimu, huyafuata anayoambiwa.

Watu watasema kwamba wako wajukuu. Ni kweli, wako, na wengi wao wanawatumikia bibi na babu zao kwa mapenzi makubwa. Lakini wajukuu huhama, huenda Dar es Salaam, Nairobi na Maskati kutafuta riziki. Na hata walio karibu, si kila mzee apendaye mjukuu wake ajue kila shilingi inayoingia na kutoka. Kwa nini kuzeeka kuwe ndiyo sababu ya mtu kupoteza faragha ya mali yake? Tena wako wachache ambao hutoa shilingi elfu arobaini wakamletea mzee elfu thelathini, na mzee akijua hunyamaza, kwa kuwa mjukuu huyo ndiye amchoteaye maji. Ukimya wa namna hii haupelekwi mahakamani, wala hauandikwi katika ripoti yoyote.

Kwa watu wasioona na viziwi mambo yana sura nyingine, kwa sababu upande wao elimu ya vyombo imekwisha fika mbali, na kinachokosekana ni sisi kuwafikishia. Simu janja nyingi leo zina programu ya kusoma kilicho kwenye kioo kwa sauti, ambayo haiuzwi mbali na simu yenyewe. iPhone imekuwa nayo tangu mwaka 2009. Kwa kompyuta iko NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona, nayo hutolewa bure duniani kote, na kwa sauti yake ya kutengenezwa inaweza kusoma hata Kiswahili, ijapokuwa lafudhi yake bado ni nzito masikioni mwetu. Lakini simu ya tochi haina sauti hiyo, na bei ya simu janja hula pensheni ya miezi mingi. Na hata aliyeipata hujikuta katika programu zilizotengenezwa na watu ambao hawakumfikiria: badala ya kusikia tuma, au lipa, au rudi, husikia neno moja likirudiwarudiwa, kitufe, kitufe, kitufe, kwa kuwa mtengenezaji alichora picha nzuri asiipe jina. Kuipa jina picha hiyo ni kazi ya dakika chache. Mhandisi aliyeiacha bila jina hajakosa ujuzi; amekosa mtu wa kumwambia kwamba ni lazima.

Kiziwi naye, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha yake ya alama kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, nayo ni heshima ambayo mataifa mengi hayajaitoa; lakini kiziwi huyo huyo akiibiwa fedha katika simu yake usiku, mara nyingi namba ya msaada aliyopewa ni ya kupiga na kuzungumza kwa mdomo.

Sheria hazikukosekana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, katika ibara yake ya 9 unazitaka nchi kuhakikisha kwamba habari na mawasiliano yanafikika kwa watu hao sawasawa na wengine. Kenya na Tanzania zote zimeuridhia, na Tanzania Bara ikatunga sheria yake ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Kwa hiyo sitarefusha maneno juu ya sheria.

Wako wasemao kwamba tatizo hili litakwisha lenyewe, kwa kuwa vijana wa leo wanaoijua simu ndio wazee wa kesho. Rai hii inapendeza kuisikia, lakini haina msingi. Chombo anachokijua kijana wa leo hakitakuwapo atakapotimiza miaka 70, kitakuwapo kingine. Na macho hufifia, masikio huzibika, vidole hukakamaa, kumbukumbu hupungua kwa aliyesoma kama kwa asiyesoma. Aishiye sana, aghalabu, huishia kuwa mtu mwenye ulemavu wa namna fulani. Tunapoiacha njia hii na mashimo yake, tunawaachia watoto wetu wayakute wao.

Ndiyo maana nikasema kwamba mashine peke yake, hata iboreshwe vipi, haitoshi, na panatakiwa mtu. Wala si jambo geni. Kenya mwezi wa Septemba 2023 ilizindua jeshi la wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000, wapitao nyumba kwa nyumba, kila mmoja na simu janja ya kazi. Na Zanzibar, katika mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea huzitembelea kaya za shehia zote na simu mikononi, wakiandika habari za mama na mtoto. Basi njia ya kumfikia mzee mlangoni kwake imekwisha fyekwa. Kilichobaki ni kumweka katika kila shehia, kila mtaa, na kila kijiji, mtu mmoja mwenye kazi ya kuwasaidia wazee na watu wenye ulemavu katika mambo ya simu: awe na kiapo cha kutunza siri, asiruhusiwe kuishika nambari ya siri ya mtu wala kupokea fedha kwa niaba yake, akae siku inayojulikana mahali panapojulikana penye kivuli, penye kiti, na pasipo ngazi, na siku nyingine awafuate majumbani wasioweza kutoka. Amfundishe anayeweza kufundishika, tena kwa utaratibu, arudie mara kumi bila kukunja uso. Kwa asiyeweza, awe shahidi wake mbele ya wakala. Aliyekataliwa na mashine ya vidole, yeye amwandikie ofisi husika, na ofisi iwe na muda maalumu wa kumjibu. Na ningependa sana, iwezekanapo, kazi hii wapewe kwanza watu wenye ulemavu wenyewe, kwani asiyeona aliyekwisha jifunza simu yake kwa masikio atamfundisha mzee anayeanza kupofuka vyema kuliko mwalimu yeyote mwenye macho.

Ataulizwa mwandishi: fedha zitatoka wapi? Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa na sheria ya mwaka 2006, na Kenya ina mfuko wake wa namna hiyo, na kampuni za simu huchangia humo kwa sheria ili mawasiliano yafike mahali pasipo na faida ya biashara. Fedha hizo zimesimamisha minara vijijini, na minara ilihitajiwa. Lakini mzee aliye chini ya mnara, mwenye mawimbi kamili na asiyeweza kuisoma simu yake, yuko mbali na mawasiliano kama aliye nyikani. Sehemu ya mfuko huo ilipe ujira wa watu hao. Kampuni nazo zirefushe muda wa orodha zao kwa mteja aombaye, kwa maana hilo halihitaji mnara wala mhandisi kutoka ng'ambo.

Bajeti za serikali zetu husomwa mwezi wa Juni, na mengi yanayosomwa siku hiyo huwa yamekwisha amuliwa miezi kadhaa nyuma, katika vikao ambavyo wazee hawaitwi. Wewe msomaji, ukiwa na mzazi au jirani wa namna hii, mwendee sheha wako, au diwani, au mwakilishi wa wadi, kabla ya vikao hivyo, umwulize ni nani katika eneo lake aliyepewa kazi ya kuwasaidia, analipwa na nani, na anapatikana siku gani. Na kama jibu ni kwamba hakuna, mwombe aliandike hilo na kulipeleka mbele, kisha umrudie kumwuliza limefika wapi.