Shokapu ya usukani haitibu gari

Ndugu mkulima, hiyo Land Cruiser HZJ75 unayobebea mazao ikianza kutikisa usukani, usikubali fundi akufungie shokapu ya usukani ya HZJ79 kisha akwambie gari limepona. HZJ79 ilitoka mwaka 1999 na springi za koili mbele. Yako ina za vyuma bapa. Usidhani vishikio na urefu wa shokapu ni vilevile. Akilazimisha kwa kuchomelea, usukani unaweza kugota kwenye shokapu kabla haujafika mwisho wake. Ukiwa konani, umepakia magunia na watu juu yake, utakata wapi?

“Mpya ina nguvu zaidi,” watakwambia. Nguvu ya kuficha ugonjwa! Shokapu hutuliza mtikiso tu. Beringi zilizolegea zinaendelea kuliwa. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka stendi, ulitikise. Likicheza juu na chini, angalia beringi za kitovu na za kingpini. Likicheza pembeni, angalia tairodi endi. Balansi tairi pia (hili wengi hulidharau).

Hayo yakishatengenezwa na bado unataka shokapu, kata usukani hadi mwisho kulia, pima kati ya vishikio, kisha kushoto. Pande zote mbili lazima shokapu ibaki na nafasi ya kusogea.