Nani Atasoma Damu Yetu?



Sisi wa Bioshimi tunaulizwa kila mara ulizo moja tu: «Utakuwa munganga?» Tunajibu ndiyo, na mazungumzo yanaisha. Lakini kuko njia ingine, na inapita hapa kwetu.

Mwaka 2018 Profesa Banza wa Universite ya Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza utafiti wao wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Walipima damu na mikojo. Watoto ndio walionekana na kobalti nyingi sana, na mu mikojo yao kulikuwa alama za ADN iliyoharibika. ADN ni maandishi ya mwili, yaliyo ndani ya karibu kila selule. Maandishi yote pamoja yanaitwa jenomu. Kama vumbi ya madini inagusa maandishi ya watoto wetu, haifai mwana wa Katanga ajue kuyasoma?

Njia ni ndefu, hatutadanganya mtu: Diploma ya Serikali, universite, masta, kisha doktora ya miaka tatu, ine ao zaidi, mara nyingi mbali na jamaa. Profesa Muyembe alimaliza doktora yake Leuven mwaka 1973, akarudi. Mwaka 1976 alikamata damu ya wagonjwa ku Yambuku, lakini ilipaswa kuvuka bahari ili Ebola ijulikane. Daktari Placide Mbala naye alifanya doktora Montpellier, Ufaransa, akarudi INRB. Mu Ebola ya Kivu Kaskazini, 2018 mpaka 2020, jenomu za virusi zaidi ya 700 zilisomwa Kinshasa na Goma. Kwa kuzilinganisha, walifuata njia ugonjwa ulipita kutoka mtu mpaka mtu. Mashini zilisaidia, ndiyo, lakini kwanza kulikuwa watu waliorudi.

Wengine watasema: njaa haingojei doktora. Ni kweli, mzazi anayelipa minervali kwa shida anataka mtoto apate kazi upesi. Lakini madini itaisha siku moja. Damu yetu itabaki, na kama sisi hatuisomi, wengine wataisoma kwa faida yao.

Basi tunaomba mambo mbili. Walimu, mikroskopi itoke mu kabati, tuishike kwa mikono yetu. Wanafunzi, tusikimbie hesabu wala Kiingereza, juu jenomu inasomwa na kompyuta, na kazi nyingi zinaandikwa mu luga ile.

Mwenye mawazo mengine aandike. Tunamungojea mu numero inayofuata.