Mahakama Inapotuletea Mtu Tumpime Uraibu

Mtu aliyejeruhiwa Mbekenyera, hata asiyejua kusoma, anafahamu kwamba kuna PF3. Fomu hiyo ni ileile Ruangwa, Nachingwea na Dar es Salaam, na hakimu anajua aitafute wapi sentensi anayoihitaji. Kwa mshtakiwa anayedhaniwa kuwa na ugonjwa wa akili, njia nayo imekwisha kuchongwa: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaipa hospitali ya akili siku 42 kuwasilisha ripoti mahakamani. Lakini mahakama ikitaka kujua kama mtu ni mraibu wa pombe, bangi au heroini, kila mmoja wetu huandika ajuavyo. Nimesoma ripoti yenye mstari mmoja: mkojo una bangi. Nimesoma nyingine ya kurasa nne, yenye lugha nzuri, isiyojibu swali lililoulizwa.

Ule mstari mmoja ndio unaonitia hofu zaidi. Kipimo cha mkojo huonyesha kwamba dawa imeingia mwilini, basi. Bangi huweza kuonekana kwa wiki kadhaa kwa mvutaji wa kila siku, ilhali heroini hutoweka ndani ya siku chache. Mraibu wa heroini aliyekaa mahabusu wiki mbili ataonekana mzima kabisa.

Vyombo bora havihitaji kubuniwa. Shirika la Afya Duniani linayo AUDIT, maswali 10 kuhusu pombe, ambayo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizoshiriki kuiandaa; tafsiri yake ya Kiswahili imekwisha kujaribiwa KCMC, Moshi. Ipo pia ASSIST, yenye maswali manane yanayogusa tumbaku, pombe na dawa nyingine. Afisa tabibu au muuguzi aliyefundishwa anaweza kuzitumia.

Hata hivyo, siungi mkono kuzichukua zilivyo. AUDIT huhesabu vinywaji, na kinywaji kimoja ni gramu 10 za kileo halisi. Uraka wa mabibo unaouzwa kwa kopo, au gongo, una gramu ngapi? Hubadilika kutoka kwa mpishi mmoja hadi mwingine, hivyo fomu itaje chombo na ujazo wake. Tena kuna msimu. Korosho zinapovunwa mabibo huwa mengi na fedha huwepo. Mtu huyohuyo akiulizwa mwezi Mei atatoa picha nyingine.

Kikwazo kikubwa zaidi ni rumande. Maswali mengi ya ASSIST huuliza kuhusu miezi mitatu iliyopita. Mtu aliyeimaliza miezi hiyo nyuma ya nondo atapata alama ndogo, nasi tutaiambia mahakama kwamba hana tatizo! Fomu ya taifa iseme wazi: miezi mitatu kabla ya kukamatwa.

Na kabla ya swali lolote, anayekunywa kila siku atazamwe kama anatetemeka, anatoka jasho au amechanganyikiwa. Degedege la kuacha pombe ghafla huja mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza, naye huenda bado yuko kituo cha polisi.

Wapo wenzangu wasemao fomu itamgeuza daktari kuwa karani. Nawaelewa. Ndiyo maana alama peke yake isipelekwe mahakamani. Iandamane na maelezo ya mpimaji na pendekezo la matibabu. Ewe uliyeletwa kupimwa, nawe una haki ya kuambiwa, kabla hujajibu, kwamba majibu yako yatasomwa na hakimu. Asiyeambiwa hilo hajaridhia kitu.

Linabaki suala la nauli. Kumpeleka mtu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sokoine, Lindi, pamoja na askari wa kumsindikiza, ni gharama ambayo lazima mtu ailipe. Tathmini ya kwanza ikifanyika kituo cha afya kilicho karibu, safari hiyo itabaki kwa wale tu wanaohitaji daktari bingwa.