Ukoka Nao Una Kipimo Chake

Kila kiangazi kikifika akina mama huniuliza swali moja baada ya ibada: "Dada nesi, bili ya maji imepanda na ukoka wa mbele ya nyumba unakauka. Tuendelee kumwagilia au tuuache?" Swali hili si la bustani tu. Ni la afya ya familia pia, maana maji ya ukoka na maji ya kunawa mikono ya watoto hutoka katika tenki moja.

Sisi wa Dar es Salaam hatujasahau Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na jiji likaingia katika mgao. Maji yakiwa haba, watu hupunguza kunawa mikono na kusafisha choo, na hapo ndipo kuhara kunapopata mlango.

Hebu tufanye hesabu. Wakati wa jua kali, ukoka huhitaji kiasi cha milimita 25 za maji kwa wiki ili ubaki kijani. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi uwanja wa mita 10 kwa 10 hunywa lita 2,500 kwa wiki, yaani ndoo 125 za lita 20. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, ingekaa na maji hayo siku 10.

Muuguzi hampi mgonjwa dawa kwa kukisia. Ukoka nao upimie, hivi:

1. Panga makopo matupu ya maziwa sehemu mbalimbali za bustani, kisha fungua maji kwa dakika 15. Pima kina cha maji kwa rula ya mtoto. Ukipata milimita 6, basi nusu saa hutoa milimita 12, na mara mbili kwa wiki zinatosha. Mvua ikinyesha, ipunguze katika hesabu.

2. Mwagilia alfajiri. Mchana jua na upepo hula maji mengi, na majani yakilala na maji usiku hupata ukungu.

3. Usinyunyize kidogo kidogo kila siku. Mizizi hubaki juu na kuzoea kudekezwa. Maji yakizama vizuri, mizizi huyafuata chini. Chomeka bisibisi: ikiingia kwa urahisi, udongo umelowa.

4. Usikate ukoka hadi udongo uonekane. Majani marefu kidogo huutia udongo kivuli.

5. Maji ya kusuuzia nguo yamwagie ukoka, mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo wala hayakusuuza nepi. Mboga zinazoliwa mbichi usizimwagie maji hayo.

Maji ya kusuuzia yatumie siku hiyo hiyo. Tenki na mapipa yafunike, na sahani zilizo chini ya vyungu vya maua zimwage kila wiki. Mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga katika maji ya namna hiyo, na Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019.

Je, mgao ukija? Kwanza maji ya kunywa na kupikia, kisha ya kunawa, kuoga na choo. Kinachobaki kipe mchicha na matembele, kwa sababu vinarudi mezani. Ukoka uwe wa mwisho. Usiogope ukigeuka rangi ya kahawia. Mara nyingi huwa umelala tu, mizizi ingali hai, na mvua za vuli zikianza huchipua tena. Jirani akikucheka kwa bustani kavu, mwonyeshe ndoo iliyojaa karibu na choo.

Mwambie na baba watoto, na kijana anayeshika mpira wa maji, ili nyumba nzima ifuate kipimo kimoja. Wiki hii anzeni na makopo yale ya maziwa.